Ngozi Iliyokwenda Kuoteshwa Ng'ambo

Kama mapaja yako yameanza kukugomea, kama ukitaka kuinuka unajishika magoti, halafu mapaja, halafu kiuno, ukijipanda mwenyewe mpaka juu, basi nakuandikia wewe. Sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi. Niliambiwa mara nyingi na sikushika, na walioniambia nao hawakuwa na hakika. Nitakueleza nilivyoishi nao mpaka ulipotulia, na habari ya kipande cha ngozi yangu, maana watu wa Mlandege bado wanaisimulia kwa kutia chumvi na nimechoka kuisikia vibaya.

Naitwa Yustina. Nimezaliwa Mlandege, Iringa, nikaolewa Mbeya na Ambokile, Mnyakyusa wa Rungwe aliyekuwa kwenye gengi la kutengeneza njia ya reli mpya. Tulikaa mtaa wa Soweto, nyumba ya vyumba viwili na jiko la uani. Binti yetu Tusekile, ambaye wote tunamwita Tuse, alikuwa bado ananyonya ugonjwa ulipoanza.

Ulianza kwa salamu. Kwetu mwanamke anapiga magoti kumsalimia mkubwa. Nilikwenda nyumbani wakati wa mavuno ya mahindi, nikapiga magoti mbele ya shangazi yangu. "Kamwene," nikasema, naye akaitikia, akauliza habari za Mbeya, za mume, za mtoto, na habari zilipokwisha nikawa bado nimepiga magoti. Shangazi akadhani nina neno zito la kumwambia. Akawafukuza watu wote chumbani, akavuta kigoda karibu. "Haya, mwanangu, sema. Anakupiga?" Nilikuwa natafuta namna ya kuinuka.

Mbeya walinichoma sindano za vitamini msimu mzima wa mvua. Walinipa mafuta ya kuchua, nikanuka karafuu mpaka Tuse akakataa kulala karibu yangu. Mapaja yalizidi kupungua, lakini mashavu ya miguu, huku chini, yakanenepa na kuwa magumu. Wanawake wa bombani wakasema Mbeya imenipenda, tazama miguu hiyo. Nilicheka nao. Ndoo yangu nilikuwa najaza nusu, nikisema nyumbani hatuna kazi kubwa ya maji.

Ukifika hapo, acha aibu mapema kuliko nilivyoacha mimi. Kigoda tupa. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda ili kiinuke. Choo cha shimo kilikuwa kinanitesa kuliko kitu chochote, na sikumwambia mtu, mpaka siku moja Ambokile akarudi kazini na kasha la mbao alilolitoboa katikati na kulipiga randa vizuri, akaliweka juu ya shimo, akaenda kunawa mikono. Hatukulizungumzia kamwe. Katika miaka yote ile hakuna zawadi niliyopewa inayolifikia lile kasha.

Sasa lazima nieleze jambo la wakwe zangu. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hawakai chumba kimoja wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mwanamke anatoka pembeni, anachuchumaa na kugeuza uso mpaka mzee apite. Mjini wengi walishaanza kulegeza, lakini baba mkwe wangu hakuwa mtu wa kulegeza. Alipokuja kutoka Rungwe na mkungu wake wa ndizi, aliingia kwa mlango wa mbele, mimi nikakaa jikoni mpaka aondoke. Tangu niolewe nilikuwa namjua kwa kikohozi chake na kwa viatu. Yeye alinijua kwa chai yangu.

Mzee huyo, ambaye hajawahi kuniona, ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu yangu. Habari zilimfika kwamba mkwe wake amekuwa mvivu, halimi, habebi maji, anamtuma mume sokoni. Akamtuma mama mkwe aniletee neno: nikipona, nikae, nisipopona, nirudi kwetu nikapumzike, na Tuse aende Rungwe akalelewe na bibi na babu yake. Mtoto kwao ni wa upande wa mume, hapakuwa na la kujadili. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alilisema lile neno huku ananimenyea viazi.

Nilisikia kama ninavyosikia taarifa ya habari redioni. Nilijua ni jambo kubwa. Moyo haukushtuka. Watu hawasemi habari hii, kwa hiyo naisema mimi: mwili ukianza kukuacha, kuna wakati na huzuni nayo inakuacha, unabaki unahesabu vyombo kabatini wakati mtu anakwambia atamchukua mtoto wako.

Ndipo Ambokile alipoomba ruhusa kazini akanipeleka hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji wa Iringa, ambako tulisikia yuko daktari wa Kizungu anayejua habari za nyama za mwili. Ngazi za basi utingo alinipandisha kwa kunisukuma mgongoni, akisema, "Pole, mama mjamzito." Sikuwa na mimba. Nikamshukuru.

Chumba cha kusubiri kilikuwa na mabenchi marefu yasiyo na egemeo. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kibena, mtu mzima, naye alikuwa na ugonjwa wake wa miguu. Alinitazama nikihangaika kuinuka jina langu lilipoitwa, akasema, "Usipigane nalo benchi. Geuka ubavu. Mikono yote upande mmoja. Tako kwanza, kichwa baadaye." Nikafanya hivyo nikainuka. Mpaka leo ndivyo ninavyoinuka kwenye mabenchi, na kanisani watu wanaonitazama wanadhani nina madaha.

Daktari alikuwa mrefu, mpole, mwenye vidole baridi. Kiswahili chake alikipata kwa watunza bustani wa misheni, kwa hiyo kilijaa udongo na mbolea. Alinitembeza, akanilaza, akaniambia niinuke, akatazama mikono yangu inavyopanda juu ya mapaja. Kisha akasema anataka kipande kidogo cha ngozi ya mkono.

"Ngozi?" Ambokile akauliza. "Mbona anaumwa nyama?"

"Nyama nikikata, inaisha," daktari akasema. "Yeye anayo kidogo. Ngozi iko nyingi. Hii ngozi tutaiotesha. Kule kwetu wako wenzangu, wanajaribu kuigeuza iwe nyama. Nyama ya mguu, ya nguvu."

"Na ikishakuwa nyama?"

"Ah," daktari akasema, uso ukamng'aa, "hapo ndipo kazi itaanza."

Wewe msomaji labda umeelewa alichosema. Sisi tulikuwa watu wa shamba. Kwetu kitu ukikiotesha, unakiotesha ili ukihamishe. Unaotesha mche kitaluni, ukishika unaupeleka shambani. Ambokile alinitazama, nikamtazama, na wote wawili tukaona jambo moja: ngozi yangu itapandwa Ulaya, itakuwa nyama, itarudishwa kwa ndege, na daktari ataipandikiza mapajani. Hatukuuliza zaidi. Kuuliza zaidi kungeonekana kama kutoamini.

Walinichoma sindano, wakakata kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, wakakitia kwenye kichupa chenye maji ya rangi ya waridi. Niliangalia ngozi yangu ikielea. Ilikuwa nyeupe upande mmoja.

Ambokile akapeleka habari Rungwe, na jibu likaja kwa kinywa cha mama mkwe: mzee amekubali kusubiri mpaka ngozi irudi. Kwa hiyo Tuse alibaki nami kwa dhamana ya kile kichupa, na nyumba nzima ikaanza kuingoja ngozi.

Tulingoja, masika yakaja na kupita. Tukangoja baridi ya Juni, ile ya Mbeya inayoingia mpaka kwenye mifupa, na miguu yangu ikawa mizito zaidi. Tukangoja wakati wa njaa na foleni za unga wa njano, ambapo majirani walinipa nafasi ya mbele si kwa upendo bali kwa sababu walikuwa wanaogopa kunishika nikianguka. Mikono nayo ikaanza. Kuanika nguo kwenye kamba kukanishinda, Tuse akawa anapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa na kuanika yeye. Alijifunza pia kuniinua. Alikuwa anasimama nyuma yangu, anapitisha mikono chini ya makwapa yangu, anasema, "Mama, sasa," nasi tunainuka pamoja.

Mama mkwe alikuja kila baada ya muda, akaangalia kovu mkononi, akauliza, "Bado haijaota tu?"

"Bado, mama."

"Ngozi gani hii. Mgomba ungekuwa umeshazaa na kukatwa." Halafu, baada ya kufikiri, "Huko si kuna barafu? Labda baridi imeiua. Wangeiotesha Kyela kwenye joto."

Jirani mmoja alikuwa na maelezo mengine. Alisema yule daktari ni mumiani, ngozi yangu imeshauzwa zamani, na wakija kuchukua nyingine wataanzia mgongoni. Alinishauri nisilale chali. Nilimwambia nashukuru kwa ushauri.

Kila nilipoweza nilikwenda Iringa, nikakaa kwenye yale mabenchi, daktari akanipima na kusema ngozi inaendelea vizuri. Sikumwuliza inarudi lini. Nafikiri nilikuwa najua. Nilikuwa nanunua muda tu, msimu baada ya msimu, na Tuse alikuwa anakua.

Mwaka wa vita vya Kagera, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, nikamkuta daktari ana uso mwingine. Aliniketisha mwenyewe. Akasema ngozi imeshika vizuri, imeota sana, imejaza vyombo, lakini wenzake wamejaribu kila njia na imebaki ngozi. Haikukubali kuwa nyama.

"Basi hamtairudisha," nikasema.

"Kuirudisha?" daktari akauliza. "Mama, hatukuwa na mpango wa kuirudisha. Tunaitaka nyama ile tuitazame, tuone inaharibikia wapi. Labda baadaye, watu wengine, miaka mingi, itawasaidia. Nilidhani nilisema."

Ulisema, nikamwambia. Ndivyo ulivyosema. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Aliniomba radhi mara nyingi, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba wangependa kujaribu tena, na safari hii wanahitaji vipande viwili: kimoja changu, na kimoja cha mtu mzima wa afya asiye ndugu yangu wa damu, vioteshwe pamoja ili walinganishe. Nikasema nitafikiri. Sikuwa na hasira naye. Sikuwa na kitu chochote. Nikapanda basi kurudi Mbeya nikala mahindi ya kuchoma pale Makambako.

Baba mkwe alikuja ndani ya juma lile. Waliketi sebuleni, yeye, mama mkwe na Ambokile, nami nikakaa jikoni mlango ukiwa wazi. Mama mkwe alitaka wazungu wadaiwe ile ngozi, hata kama haijawa nyama, ni mali ya mtu. Mzee alisema amesubiri kama alivyoahidi, na kesho ataondoka na mtoto. Nikamngoja Ambokile aseme neno. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Sawa, baba," akasema.

Siku ile nilimchukia Ambokile. Alipokuja jikoni alilia, na machozi yake yalinichosha. Nikafunga nguo za Tuse kwenye kanga, nikatia na kitana.

Asubuhi Ambokile alikwenda reli, mama mkwe akatangulia sokoni kununua vitu vya safari. Sikutaka kuwaona wakiondoka. Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikashika kinjia cha kando ya ua wa michongoma, nikidhani watapita barabara kubwa. Mzee naye, kwa heshima yake, akadhani mimi niko ndani, akaona asipite mbele ya dirisha langu. Akachukua kinjia kile kile. Nilisikia kikohozi nikiwa katikati ya njia.

Magoti hayakuniuliza. Nilitoka pembeni, nikachuchumaa, nikageuza uso kwenye michongoma. Viatu vikaja. Vikapita. Vikasimama.

"Mama," Tuse akasema.

Nilikuwa najaribu kuinuka. Mikono iliteleza kwenye matope, nikakaa chini mzima mzima. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mzee alikuwa amenipa mgongo, nilijua kwa jinsi sauti yake ilivyokwenda upande mwingine.

"Tuse, mwambie mama yako tumeshapita. Asimame."

"Mama, babu anasema usimame."

"Mwambie babu nasimama."

"Babu, anasema anasimama. Lakini hawezi, babu."

"Hawezi nini?"

"Kusimama. Hawezi mwenyewe. Huwa namwinua mimi." Tuse akaachia mkono wa mzee, akaja nyuma yangu, akapitisha mikono yake makwapani. "Mama, sasa." Matope yalikuwa mengi. Tulijaribu, tukaanguka wote. Akajaribu tena. Kisha akasema, si kwa kulia, kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi, "Babu, mimi nikienda atabaki hapa hapa chini."

Mzee aliita jina la mke wake, akaita majirani. Watu walikuwa makazini. Mvua ikaongezeka. Nikasikia vifungo vikifunguliwa, na kitu kizito chenye joto kikashuka juu ya kichwa changu kikanifunika mpaka kiunoni. Lilikuwa koti lake la sufu. Lilinuka moshi na tumbaku. Ndani yake kulikuwa giza, hakuniona wala sikumwona, na mila haikuguswa. Mikono miwili ikapita chini ya makwapa yangu juu ya lile koti.

"Si hivyo, babu," Tuse akasema. "Ingiza mpaka mbele. Halafu useme sasa."

"Sasa," mzee akasema.

Aliniinua. Alikuwa amejiandaa kwa mzigo, maana alirudi nyuma hatua kwa kunikuta mwepesi. Mikono yake ilibaki pale inanishikilia, ikipapasa mbavu na mabega kupitia sufu, kama mtu anayepima ng'ombe aliyekonda. "Ndaga," akasema taratibu, kwa kilugha chao, yaani pole. "Ndaga, mwanangu. Kumbe hakuna kitu humu."

Ndipo nikajua kwamba miaka yote ile mzee alikuwa anamhukumu mwanamke mnene.

Hakulichukua koti. Nilisikia akimwambia Tuse, "Mshike mama yako, rudini ndani." Viatu vikaondoka bila mtoto kuelekea stendi. Mama mkwe alirudi na mkate wa safari akatukuta tunakunywa uji, na baadaye akaniletea neno kutoka Rungwe: mtoto akae na mama yake, na mimi nisichuchumae tena mbele ya mtu, hata awe nani. Nikimwona mzee, nisimame tu. Atakayegeuka ni yeye.

Ilibaki ile habari ya ngozi. Nilikubali kutoa nyingine. Usidhani ni kwa wema mwingi. Niliona tu kwamba ngozi ninayo, na yule daktari aliniomba radhi kwa kweli. Kilichokosekana ni yule mtu mzima wa afya. Ndugu zangu hawakufaa. Ambokile alikuwa Mlimba na gengi lake. Mama mkwe alinyoosha mkono akautazama, akasema ngozi hii imeshakunjamana, hata shukrani ya wazungu haitapata. Nikaenda Iringa na Tuse, tukiwa wawili tu, kumwambia daktari achukue changu peke yake.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia, mkono umeshakatwa na kufungwa, niliposikia kikohozi chumbani kwa daktari. Tuse alichungulia, akanigeukia macho yamemtoka, akaweka kidole mdomoni.

"Nasikia mnatafuta ngozi ya mtu mzima," mzee alikuwa anasema. Alikuwa amepanda basi kutoka Rungwe, akalala kwa watu Mafinga.

"Ndiyo, mzee. Ya kulinganisha."

"Mimi mzima. Ninalima mpaka leo. Kata."

"Asante sana. Ni kipande kidogo tu."

"Kata kikubwa kuliko cha yule. Ikiota ikawa nyama, mpeni yeye. Mimi sina kazi nayo."

Daktari alikuwa ameshajifunza, akatafuta maneno kwa uangalifu, akamweleza pole pole kwamba nyama haitarudi kwa mtu yeyote, ni ya kutazama tu, na labda haitakuwa nyama kabisa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," akasema. "Wewe otesha tu. Ikikubali utatukumbuka."

Baada ya muda muuguzi alipita upande wangu amebeba kisanduku cha safari, na ndani nikaona vichupa viwili vyenye maji ya waridi vimelazwa kwenye pamba, vimegusana. Nilianza kulia. Sikuwa nimelia tangu ugonjwa uanze, na nilikuwa nimesahau namna ya kulia, kilio kikatoka kwa kelele. Muuguzi akaweka kisanduku chini, akaushika mkono wangu, akadhani ni kidonda. Akaniuliza kama aniongezee dawa ya ganzi. Nikamwambia hapana, aiache ganzi iishe.